Kelele Paris, Bei Inalipwa Lhasa

Tashi Wangchuk ni mwenye duka wa mji wa Yushu, kwenye nyanda za juu za mkoa wa Qinghai nchini China. Mwaka 2015 alifunga safari hadi Beijing kutafuta mwanasheria wa kuwashtaki maofisa wa kwao, kwa sababu watoto wa Kitibeti pale Yushu hawakuwa wakifundishwa lugha yao shuleni inavyopasa. Hakuwa akidai uhuru wa Tibet. Hoja yake aliichota katika Katiba ya China yenyewe, ibara ya 4, inayosema kila kabila lina haki ya kutumia na kuendeleza lugha na maandishi yake. Wanasheria walimkwepa. Gazeti la New York Times likamfuata na kamera, likatoa video ya dakika tisa na habari ndefu. Januari 2016 akakamatwa.

Alipofikishwa mahakamani miaka miwili baadaye, ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa video ile ile. Wanadiplomasia wa Magharibi waliotaka kuhudhuria kesi walizuiwa. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walipaza sauti. Mei 2018 akahukumiwa miaka mitano kwa kosa la kuchochea utengano, na akaitumikia yote, mpaka Januari 2021.

Kila ninapoulizwa kama utetezi wa Magharibi unawasaidia Watibeti, namkumbuka kwanza mtu huyu. Alizungumza na gazeti la kigeni kwa hiari yake, akijua hatari, baada ya milango ya nyumbani kufungwa mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo siwezi kumlaumu mwandishi aliyemsikiliza. Lakini wazee walisema aliye kando haangukiwi na mti, na hapa mti uliangukia upande mmoja tu. Gazeti lilibaki gazeti, mabalozi walirudi ofisini kwao, na Tashi alilala gerezani miaka mitano bila kupunguziwa hata siku moja.

Ninachokiamini baada ya kuifuatilia habari hii kwa muda mrefu ni kwamba utetezi wa Magharibi umewafaa Watibeti pale ulipoomba jambo mahususi, lenye jina na mahali, na pale mtetezi alipokubali kutoa kitu chake mwenyewe. Pale ulipodai jambo kubwa bila kuwa tayari kuligharamia, gharama ilitozwa kwa Watibeti walio ndani.

Historia ya jambo hili inauma ukiifuata tangu mwanzo. Jeshi la China lilipoivamia Chamdo, mashariki mwa Tibet, Oktoba 1950, serikali ya Tibet iliyokuwa mji mkuu wake wa Lhasa iliomba msaada Umoja wa Mataifa. Nchi iliyoinuka kutaka ombi hilo lijadiliwe ilikuwa El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati ambayo haikuwa na historia yoyote na Himalaya. Uingereza, iliyokuwa imeingiza jeshi Lhasa mwaka 1904 na kukaa meza moja na Watibeti kule Simla, India, mwaka 1914, ilisema hadhi ya kisheria ya Tibet haieleweki vizuri. India nayo ikaona bado kuna nafasi ya suluhu ya amani. Suala likaahirishwa. Mei 1951 wajumbe wa Tibet waliokuwa Beijing wakatia saini Makubaliano ya Vipengele 17, na Tibet ikawa sehemu ya Jamhuri ya Watu wa China.

Baada ya maasi ya Lhasa ya Machi 1959 na Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Watibeti, kukimbilia India, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha maazimio matatu, mwaka 1959, 1961 na 1965. Lile la 1961 lilitaja haki ya Watibeti ya kujiamulia mambo yao. Maneno hayo yapo kwenye kumbukumbu mpaka leo, na hakuna azimio jingine la Baraza Kuu kuhusu Tibet lililowahi kufuata. Oktoba 1971 Beijing ilipewa kiti cha China katika umoja huo. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwamo katika habari hiyo, maana Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliandaa azimio la kuipa Beijing kiti hicho, na kwetu ilikuwa ni haki iliyocheleweshwa kwa taifa kubwa lililotusaidia kujenga reli. Naliona hivyo hata sasa. Lakini haki ya mmoja haizimi haki ya mwingine, na tangu siku ile mlango wa Baraza Kuu kwa Watibeti ulifungwa kwa kufuli.

Wakati maazimio yakipigiwa kura New York, kulikuwa na msaada wa aina nyingine, wa siri. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilianza mwaka 1957 kuwafundisha vijana wa Kitibeti katika kisiwa cha Saipan, kisha tangu 1958 katika kambi ya Camp Hale, kwenye milima ya Colorado. Walifunzwa redio, ramani, silaha na kuruka kwa parachuti, wakarudishwa usiku kwa ndege juu ya nchi yao. Wengi wa waliorushwa waliuawa au walikamatwa. Tangu 1960 kukawa na ngome ya wapiganaji huko Mustang, Nepal, iliyokuwa ikivuka mpaka na kushambulia misafara ya jeshi la China. Mwaka 1961 shambulio moja liliwapatia Wamarekani begi la nyaraka za jeshi hilo, zaidi ya kurasa 1,500, zikieleza njaa na manung'uniko ya askari. Kwa Washington ilikuwa hazina. Kwa mpiganaji aliyehatarisha roho yake kulipata begi lile, hakuna kilichobadilika kijijini kwao.

Nyaraka za Marekani zilizofunguliwa baadaye zinaeleza bila kuficha lengo la mpango huo. Lilikuwa kuidhoofisha China, na kuiweka hai fikra ya Tibet inayojitawala. Waraka wa 1964 unataja ruzuku ya dola 180,000 kwa mwaka kwa ajili ya Dalai Lama. Kisha Kissinger, mshauri wa Rais Nixon wa Marekani, akaenda Beijing kwa siri Julai 1971, Nixon mwenyewe akamfuata Februari 1972, na msaada kwa Mustang, uliokuwa tayari umepungua, ukaisha kabisa. Mwaka 1974 jeshi la Nepal liliizunguka ngome ile. Dalai Lama alituma ujumbe wa sauti kwenye kanda, akiwaomba wapiganaji waweke silaha chini. Walisikiliza kanda hiyo kambi kwa kambi. Waliweka silaha. Baadhi yao walijiua kwa kushindwa kuubeba uchungu wa amri ile.

Naieleza hadithi hii kwa urefu kwa sababu wanaharakati wengi wa Ulaya na Marekani hawapendi kuianza habari ya Tibet hapo. Huianza kwenye Tuzo ya Nobel aliyopewa Dalai Lama mwaka 1989, au kwenye tamasha la muziki la kuitetea Tibet lililofanyika San Francisco mwaka 1996. Mtibeti mwenye umri wa miaka 80 haanzii hapo. Anajua kwamba rafiki wa mbali ana shughuli zake, na shughuli hizo zikibadilika, hatakuita kwanza mshauriane.

Miaka ya 1980 ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa nafasi ilikuwapo. Mei 1980 katibu mkuu wa chama cha Kikomunisti, Hu Yaobang, alifika Lhasa, akashtushwa na umaskini aliouona, na akaagiza kodi zipunguzwe, maofisa wa Kichina waondolewe kwa wingi, na utamaduni wa Kitibeti upewe heshima. Nyumba za watawa zikaanza kujengwa upya. Wajumbe wa Dalai Lama walikwenda Beijing mwaka 1982 na 1984 bila kufikia mwafaka. Hapo uongozi wa uhamishoni ukaamua kuipeleka kesi yake Magharibi. Tarehe 21 Septemba 1987 Dalai Lama alitangaza mbele ya wabunge wa Marekani mpango wake wa amani wa mambo matano. Siku sita baadaye watawa wa nyumba ya Drepung waliandamana Lhasa. Oktoba mosi kukawa na ghasia na risasi. Maandamano yaliendelea kuzuka, mpaka Machi 1989 Hu Jintao, aliyekuwa katibu wa chama huko Tibet, akasimamia amri ya hali ya hatari.

Mwanazuoni wa Kimarekani Melvyn Goldstein, aliyeisomea Tibet maisha yake yote, amejenga hoja kwamba ushindi ule wa Washington uliwapa nguvu watu wa msimamo mkali ndani ya Beijing. Hoja yake ni nzito na sitaki kuipita haraka. Watu wa Lhasa walipowaona wabunge wa taifa lenye nguvu kuliko yote wakimpigia makofi kiongozi wao, wengi waliamini msaada unakuja. Waliingia barabarani kwa imani hiyo. Msaada haukuwa njiani. Serikali ya Marekani haikuwa imebadili msimamo wake hata kidogo: kwake Tibet ilikuwa sehemu ya China. Aliyepiga makofi alipaswa kulijua hilo na kulisema waziwazi, kabla mtawa wa miaka 20 hajapigwa risasi kwa kuyaamini makofi hayo.

Lakini Goldstein nami tunaachana mahali. Hu Yaobang alikuwa ameshaangushwa Januari 1987, miezi minane kabla ya hotuba ya Washington, na sababu za kuanguka kwake hazikuhusu Tibet peke yake. Mlango ulikuwa tayari unafungwa na waliokuwa ndani.

Bill Clinton aliurudia mchezo huo kwa namna yake. Mwaka 1993 aliunganisha nafuu za kibiashara kwa China na haki za binadamu, na kulinda utamaduni wa Tibet kukawa mojawapo ya masharti. Mei 1994, makampuni yalipolalamika, akaviachanisha. Beijing ilijifunza ndani ya mwaka mmoja kwamba dhamiri ya Magharibi ina bei, na bei hiyo si kubwa.

Kisha ukaja mwaka 2008. Machi Lhasa iliwaka moto, maandamano yakasambaa hadi Sichuan, Gansu na Qinghai, ambako ndiko wanakoishi zaidi ya nusu ya Watibeti wote wa China. Watu waliuawa, wakiwamo raia wa Kichina waliochomewa maduka, na Watibeti wengi wakakamatwa. Aprili mwenge wa Olimpiki ukafika Paris, ukazimwa mara kadhaa na kupandishwa kwenye basi kwa sababu ya waandamanaji. Mmoja wao alijaribu kuupora kutoka mikononi mwa Jin Jing, mwanamke wa Kichina mwenye ulemavu, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Picha ile ilifanya kazi ambayo idara ya propaganda ya Beijing isingeiweza yenyewe. Vijana wa Kichina ambao hawakuwahi kuifikiria Tibet walijikuta wametukanwa wao na nchi yao, wakaandamana mbele ya maduka ya kampuni ya Kifaransa ya Carrefour. Watu ambao siku moja huenda wangewasikiliza Watibeti, maana hatima ya Tibet imo mikononi mwa Wachina bilioni moja na ushei kuliko mikononi mwa Paris, walisukumwa upande wa pili.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, tarehe 29 Oktoba, Uingereza ilitangaza kwamba inaachana na msimamo wake wa karibu miaka 100 kuhusu hadhi ya pekee ya Tibet, na kwamba inaitambua kuwa sehemu ya China. Msimamo ule wa zamani ndio uliokuwa kumbukumbu kwamba Tibet iliwahi kuwa na mahusiano yake na dola nyingine. Tangazo lilitoka siku mbili kabla ya wajumbe wa Dalai Lama kuketi na Beijing kwa mazungumzo. Uingereza haikuomba chochote kwa malipo. Mazungumzo yalimalizika bila kitu, na tangu Januari 2010 hayajarudiwa rasmi.

Ukiyatazama haya yote unaweza kuhitimisha, kama wanavyofanya wengi, kwamba ingekuwa heri Magharibi wanyamaze. Nilikaribia kufika huko. Kilichonizuia ni Mongolia ya Ndani, eneo la kaskazini mwa China.

Wamongolia wa China hawajawahi kuwa na Dalai Lama wa kuzunguka dunia. Hakuna matamasha kwa ajili yao, hakuna bendera yao kwenye madirisha ya wanafunzi wa Boston, hakuna sheria ya Bunge la Marekani yenye jina lao. Kama ukandamizaji ungekuwa unaletwa na kelele za nje, wao wangekuwa salama. Septemba 2020 serikali ilibadili masomo muhimu kutoka Kimongolia kwenda Kichina, wazazi waliwazuia watoto kwenda shule, na polisi wakawasaka. Wauighur, Waislamu wa Xinjiang, nao hawakuwa na jina kubwa Magharibi kabla ya makambi ya kuwafungia. Chen Quanguo, aliyeongoza chama Tibet kuanzia 2011, alihamishiwa Xinjiang Agosti 2016 na akaenda na mbinu zake: vituo vya polisi kila baada ya mita mia chache, makada kulala majumbani mwa watu. Sera inatoka Beijing, kwa sababu za Beijing. Anayesema watetezi wameiumba anaipa Beijing udhuru isioustahili.

Chanda chema huvikwa pete, na Tibet ilivikwa pete kwa sababu ilipendeza machoni pa Magharibi: milima, watawa, tabasamu la mzee mmoja mpole. Hilo limewaumiza Watibeti kwa njia isiyosemwa sana. Magharibi wamempenda Mtibeti asiyekasirika, asiyetaka pesa, asiye na haja ya ajira wala bima ya afya. Tangu 2009 Watibeti zaidi ya 150 wamejichoma moto, na watu waliozoea sura ile ya utulivu walishindwa hata kupata maneno.

Sasa niseme kilichofaa. Ngawang Sangdrol alikuwa mtawa wa kike, binti mdogo, alipofungwa mwaka 1992. Mwaka 1993 yeye na wenzake 13 waliimba nyimbo za uhuru ndani ya gereza la Drapchi, zikarekodiwa kwa siri na kutoroshwa nje. Waliongezewa vifungo, chake kikafika miaka 23. Jina lake liliandikwa kwenye barua za raia wa kawaida wa Ulaya kwa miaka, likawekwa mezani na wanadiplomasia kila walipokutana na Wachina, na Oktoba 2002 aliachiwa. Mwaka huo huo aliachiwa Ngawang Choephel, mtafiti wa muziki aliyehukumiwa miaka 18, ambaye mama yake mzazi alikaa barabarani Delhi akiomba, na ambaye wabunge wa jimbo la Vermont, alikosoma, hawakuchoka kumtaja. Hao ni watu wenye mwili na ndugu. Aliyeandika barua ya 40 bila kujibiwa alimsaidia Mtibeti.

Chukua pia vifaa vya kupima vinasaba (DNA). Ilipofichuliwa mwaka 2022 kwamba polisi wa Tibet walikuwa wakikusanya damu za watu kwa wingi, hata za watoto wa chekechea, wanaharakati hawakuidai China. Waliibana kampuni ya Kimarekani, Thermo Fisher, iliyokuwa ikiuza vifaa hivyo, kupitia wanahisa wake. Kufikia mwisho wa 2023 kampuni iliacha kuviuza Tibet. Huo ni utetezi unaoanzia nyumbani kwa mtetezi, anapoweza kupigia kura, kugomea, na kupoteza faida.

Na kuna mtu mmoja ambaye kwangu alifanya kuliko matamasha yote. Gene Smith, Mmarekani, alifika Delhi miaka ya 1960 na kuajiriwa na maktaba ya Bunge la Marekani. India ilikuwa ikinunua ngano ya Marekani kwa rupia, na sheria iliruhusu sehemu ya rupia hizo zinunue vitabu. Smith aliwatafuta wakimbizi wa Kitibeti waliovuka milima na miswada mgongoni, akawezesha ichapwe upya, maelfu ya juzuu, na nakala zikaenda katika vyuo vikuu vya Marekani. Baadaye alianzisha kituo cha kuzihifadhi kwa kompyuta ili mtu yeyote azisome. Hakushika bango. Vitabu vilivyochomwa Tibet wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni vipo leo kwa sababu ya karani aliyejua kutumia fedha za ngano.

Lakini hata msaada mzuri una mshipi mikononi mwa mwingine. Idhaa ya Kitibeti ya Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1991, na ile ya Radio Free Asia mwaka 1996. Watu ndani ya Tibet walizisikiliza kwa kujificha, kwa lugha ambayo shule zinaiondoa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2023 kwamba watoto wa Kitibeti kama milioni moja wako katika mfumo wa shule za bweni unaowafunza kwa Kichina, jambo ambalo Beijing inalikanusha. Mwaka 2024 Marekani ilipitisha sheria mpya kuhusu Tibet. Machi 2025 Sauti ya Amerika ikanyamazishwa na serikali ile ile iliyokuwa ikiilipa. Sheria ilibaki kwenye karatasi. Sauti ndiyo iliyoondoka.

Nasi Afrika hatuna usafi wa kujivunia. Mwaka 2011 Desmond Tutu alimwalika Dalai Lama kwenye siku yake ya kutimiza miaka 80, na viza ya Afrika Kusini haikutoka kwa wakati. Tutu alifoka kwa hasira mbele ya kamera. Miaka miwili baadaye, Uingereza ya Cameron, iliyokuwa imekutana na Dalai Lama mwaka 2012 na kuadhibiwa na Beijing, ilisema haina mpango wa kukutana naye tena. Tajiri na maskini walifika mahali pamoja.

Mtihani mkubwa uko mbele. Mei 1995 Dalai Lama alimtambua mtoto wa miaka sita, Gedhun Choekyi Nyima, kuwa Panchen Lama, kiongozi wa kidini anayemfuata yeye kwa heshima, ambaye Watibeti huamini amezaliwa upya kila mara baada ya kufa. Siku tatu baadaye mtoto na wazazi wake walichukuliwa, na hakuna mtu huru aliyemwona tangu hapo. Kila Mei serikali za Magharibi hutoa taarifa kumuulizia. Julai 2025, akikaribia kutimiza miaka 90, Dalai Lama alithibitisha kwamba atakuwa na mrithi, na kwamba taasisi yake ndiyo yenye mamlaka ya kumtambua. Amesema mrithi huyo, yaani yeye mwenyewe akizaliwa upya kwa imani ya Watibeti, atazaliwa nje ya China. Beijing nayo itamtangaza wa kwake.

Mtoto huyo atakapopatikana, pengine katika nyumba ya wakimbizi huko Arunachal au Ladakh, nchini India, hatahitaji tamasha. Atahitaji hati ya kusafiria isiyoweza kufutwa kwa simu moja kutoka Beijing, walinzi, walimu wa lugha yake, na fedha zisizotegemea nani ameshinda uchaguzi Marekani, kwa miaka isiyopungua 15 mpaka awe mtu mzima. Anayetaka kuwatetea Watibeti aanze sasa kuibana serikali yake itaje kwa maandishi ni kipi kati ya hivyo itakitoa, na iko tayari kupoteza mkataba gani wa biashara kwa kukitoa.